Mama Bado Ni Mtu wa Lang'ata

Mamangu ana mkebe wa biskuti ambao sijawahi kuona biskuti ndani yake tangu nizaliwe. Ndimo anamoweka vyeti vyetu vya kuzaliwa, kadi za kliniki, risiti za shule, na kadi yake ya kura ya zamani, ile iliyotolewa kabla ya haya mambo ya kuweka kidole kwenye mashine. Mahali pa eneo bunge pameandikwa Lang'ata.

Tunaishi Laini Saba. Ukiuliza mtu yeyote wa rika langu, Laini Saba iko Kibra. Ukimuuliza Mama, yeye ni mtu wa Lang'ata, na hataki stori.

"Mimi nimepiga kura Lang'ata tangu ninety-seven," huwa ananiambia. "Hiyo Kibra yenu mliletewa na watu wa ofisi. Mimi sikuhama."

Na kweli hakuhama. Nyumba ni ileile, choo ni kilekile cha ploti, na treni bado inapita ikipiga honi watu wakiondoa bidhaa zao relini. Kilichohama ni mstari. Nimekuwa nikiufuatilia huo mstari kwa muda, nikisoma Katiba, magazeti ya zamani na matokeo ya sensa kwenye simu, kwa sababu nimegundua kwamba hadithi ya siasa ya Nairobi tunayopewa huwa ya watu: fulani alishinda, fulani akahama chama, fulani akaibiwa kura. Mara chache tunaambiwa habari za mstari wenyewe, nani aliuchora na alikuwa anahesabu nini.

Mimi pia ulinipata. Mwaka wa 2017, nikijiandaa kwenda chuo, nilijaza fomu ya basari na kwenye nafasi ya eneo bunge nikaandika Lang'ata. Nilikuwa nimelisikia hilo jina nyumbani maisha yangu yote, mkono ukaandika wenyewe. Fomu ikarudi, na nilipomaliza kuirekebisha muda ulikuwa umeisha. Kosa lilikuwa langu, sina wa kulaumu. Wala siyo fomu hiyo iliyonitoa chuo miaka miwili baadaye, ni karo tu, mambo ya kawaida. Lakini siku ile ndiyo nilijua kwamba kati yangu na beste yangu wa Nyayo Highrise, ambaye nikisimama mahali pazuri naweza kuona dirisha lao, kuna mpaka, na kwamba mpaka huo una pesa ndani yake.

Basi tuanzie nyuma.

Bunge la kwanza la Kenya huru lilikuwa na viti 117 vya kuchaguliwa. Seneti ilipovunjwa mwishoni mwa 1966, maseneta wakaingizwa katika bunge moja na viti vikawa 158. Mwaka wa 1988 vikafika 188, na kufikia uchaguzi wa 1997 vilikuwa 210. Katika hivyo 210, Nairobi yote ilikuwa na vinane: Makadara, Kamukunji, Starehe, Lang'ata, Dagoretti, Westlands, Kasarani na Embakasi. Mji mkuu mzima, viti vinane.

Lang'ata ya wakati huo ilikuwa kitu cha ajabu ukiitazama kwenye ramani. Ilianza kwenye mabati ya Kibera, ikapita Nairobi West na South C, ikachukua uwanja wa ndege wa Wilson, ikaenda mpaka Karen kwenye nyumba zenye farasi, na katikati ikameza mbuga ya wanyama. Simba hawapigi kura, lakini eneo bunge lao lilikuwa letu. Kwa hiyo mtu aliyetaka kiti cha Lang'ata alilazimika kuzungumza na mwenye nyumba wa Karen asubuhi, na jioni azungumze na mpangaji wa Lindi ambaye mvua ikinyesha anaamka kuinua godoro.

Mwaka wa 1974 aliyekishinda kiti hicho alikuwa Mwangi Mathai. Wengi wetu tunamjua kupitia mkewe wa wakati huo, Wangari Maathai. Huyu bwana alikuwa amejaribu kuingia bungeni mwaka wa 1969 akashindwa. Safari hii aliahidi wapiga kura kazi. Baada ya kushinda, Wangari akamuuliza kuhusu zile kazi, na jibu alilopata halikumridhisha. Akaamua kuzitafuta mwenyewe. Alianzisha kampuni ndogo, Envirocare, ambayo ingewaajiri watu wa pato la chini kupanda miti na kutunza bustani, na kitalu cha miche kikawa msitu wa Karura. Biashara haikuenda mbali. Lakini wazo halikufa, na tarehe 5 Juni 1977 miche ya kwanza ikapandwa Kamukunji chini ya baraza la kitaifa la wanawake. Hapo ndipo lilipotoka Green Belt Movement. Kila mwaka tunafundishwa habari za Nobel ya 2004, lakini sijawahi kusikia mwalimu akisema kwamba mbegu ya kwanza ilikuwa ahadi ya kampeni, iliyotolewa kwa watu wasio na kazi wa Lang'ata.

Mwaka wa 1979 Mathai alibwagwa na Philip Leakey, mtoto wa Louis na Mary Leakey wale wa mafuvu ya binadamu wa kale, na ndugu yake Richard. Hutajwa kuwa mzungu wa kwanza kuchaguliwa bungeni tangu Uhuru. Watu husikia hivyo wakafikiri alibebwa na Karen. Hapana. Kura za Karen peke yake zisingempeleka popote. Kibera ndiko kulikokuwa na watu.

Hili la Kibera kuwa na watu lina historia yake. Wa kwanza kukaa pale walikuwa Wanubi, askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles waliotoka upande wa Sudan, waliopewa ruhusa ya kukaa kwenye msitu nje ya mji mapema miaka ya 1900. Kibra kwa lugha yao ni msitu. Serikali ya kikoloni haikuwapa hati, na serikali ya uhuru ikarithi uzembe huohuo. Baadaye watu kutoka kila pembe ya nchi wakaja kutafuta kazi mjini, wakakodi vyumba: Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii, Wakikuyu. Wanubi walipata hati ya ekari 288 Juni 2017 tu, miezi miwili kabla ya uchaguzi. Soma tarehe hiyo utakavyo.

Vyama vingi viliporudi, Raila Odinga akaja Lang'ata. Wengi hushangaa kwa nini hakugombea kwao Nyanza. Uchaguzi wa Desemba 1992 alisimama na FORD-Kenya ya babake, akashinda. Mzee Jaramogi alipofariki 1994, kukawa na vita vya uongozi na Wamalwa Kijana, na Raila akaondoka FORD-Kenya akajiunga na NDP. Sheria ilisema ukihama chama unapoteza kiti, kwa hivyo mwaka wa 1997 Lang'ata ilipiga kura ya uchaguzi mdogo, ikamrudisha. Desemba ya mwaka huohuo, uchaguzi mkuu, ikamrudisha tena. Hiyo ndiyo kura ya kwanza ya Mama katika mji huu. Mwaka wa 2002 ikamrudisha na NARC. Mwaka wa 2007 ikamrudisha na ODM. Hesabu: vyama vinne, ushindi mara tano. Lang'ata haikuwa ngome ya chama chochote. Ilikuwa ngome ya mtu mmoja.

Lakini kuna jambo moja la 2007 ambalo watu wa umri wangu hawalijui, na ndilo linaonyesha kiti kimoja cha ubunge kinaweza kubeba uzito gani. Chini ya Katiba ya zamani, huwezi kuwa rais kama hujachaguliwa pia kuwa mbunge. Unaweza kupata kura zote za Kenya, lakini ukiangushwa kwenye eneo bunge lako, urais umekwenda. Kwa hivyo kumzuia Raila kuwa rais hakukuhitaji kumshinda Kenya nzima. Kulihitaji kumshinda Lang'ata. PNU ikamweka Stanley Livondo, na kampeni ya Lang'ata mwaka huo ikawa ya kufa na kupona. Siku ya kupiga kura, tarehe 27 Desemba, Raila alipofika Shule ya Msingi ya Old Kibera jina lake halikuonekana kwenye sajili. Alirudi baadaye akapiga. Akashinda ubunge. Kilichofuata kuhusu urais tunakijua sote, na sisi wa Laini Saba tunakijua zaidi. Januari 2008 reli iling'olewa. Soko la Toi likachomwa. Nilikuwa na miaka tisa. Ninachokumbuka ni Mama akituambia tulale chini, sakafuni, mbali na mlango.

Baada ya vita ndipo wenye nchi wakaanza kuzungumza juu ya mistari. Tume ya Jaji Krieger iliyochunguza uchaguzi wa 2007 ilisema, pamoja na mengine mengi, kwamba maeneo bunge yetu hayakulingana hata kidogo. Ikaundwa tume ya muda ya mipaka chini ya Andrew Ligale, ambayo ilitoa ripoti mwishoni mwa 2010. Ripoti ikaleta makelele bungeni na mahakamani. Katiba mpya ya Agosti 2010 ilikuwa tayari imeamua idadi: maeneo bunge yatakuwa 290. IEBC ilipoanzishwa 2011 ikapewa kazi ya kumalizia, na Machi 2012 ikachapisha mipaka tunayotumia mpaka leo.

Sasa tulieni tupige hesabu kidogo. Sipendi hesabu, lakini hii ni tamu.

Sensa ya 2009 ilipata Wakenya 38,610,097. Gawanya kwa 290, unapata 133,138. Hicho ndicho kipimo, wastani wa watu kwa kila eneo bunge. Ibara ya 89 ya Katiba inaruhusu kuzidi au kupungua kipimo hicho kwa asilimia 40 kama ni jiji au mahali penye watu wachache, na asilimia 30 kwingine. Kwa hiyo eneo bunge la Nairobi halifai kupita watu 186,393. Nairobi ilikuwa na watu 3,138,369. Ukiigawa kwa 16, kila eneo linapata zaidi ya watu 196,000, na hapo umevunja sheria. Ukiigawa kwa 17, unapata 184,610. Umepita chini ya dari, nywele zikigusa mabati.

Nairobi ilipewa 17.

Yaani tulipandishwa kutoka viti 8 hadi 17, na watu wakasherehekea kama tumependelewa, kumbe tulipewa kiasi kidogo kabisa ambacho sheria ingeruhusu. Siwezi kukuambia kilichokuwa akilini mwa makamishna. Lakini hesabu ziko wazi, unaweza kuzirudia kwenye simu yako sasa hivi.

Upande wa pili wa mizani kuna Lamu Mashariki, ambayo katika sensa hiyo ilikuwa na watu 18,841. Katiba ilisema mapitio ya kwanza hayawezi kufuta eneo bunge lililokuwepo, kwa hivyo maeneo 27 yasiyofikisha idadi yakalindwa. Ukitazama namba tu, sauti ya mtu mmoja wa Lamu Mashariki bungeni ina uzito wa karibu Wanairobi kumi. Nilipogundua hilo nilikasirika. Baadaye nikatazama ramani tena. Lamu Mashariki ni visiwa na pwani inayofika mpakani na Somalia, watu wa Faza na Kiunga ambao kwenda hospitali kubwa ni safari ya boti. Ukiwaunganisha na watu wengi wa bara ili namba ifike, wao hawatamchagua mbunge tena maisha. Kwa hivyo hasira yangu ikapungua nusu. Nusu nyingine bado ninayo.

Turudi Lang'ata. Sensa ya 2009 iliipata ikiwa na watu zaidi ya laki tatu na nusu. Dari ni 186,393. Lazima igawanywe mara mbili. Na hapa kuna kisa kidogo. Kwa miaka mingi tulikuwa tunaambiwa Kibera ina watu milioni moja. Ilikuwa imeandikwa kila mahali, wageni wenye kamera walikuja kwa sababu ya hiyo milioni, na sisi wenyewe tulijivunia, unajua vile watu hujivunia hata shida zao ikiwa ni kubwa kuliko za wengine. Sensa ikatoka: watu 170,070. Watu wakashtuka. Wengine walisema tulihesabiwa vibaya, wengine wakasema milioni ilikuwa biashara ya mashirika. Mimi nitasema hivi tu: kama milioni ingekuwa kweli, Kibera peke yake ingehitaji maeneo bunge sita. Kwa namba ya sensa, ikatosha moja.

Ndivyo ilivyozaliwa Kibra, yenye wadi tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe, na Woodley/Kenyatta Golf Course. Lang'ata ikabaki na tano zake: Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise. Kibra ilipata kama kilomita 12 za mraba. Lang'ata ikabaki na karibu eneo lingine lote, pamoja na simba.

Katiba inasema tume ikichora mipaka izingatie pia mapatano ya jamii, historia, uchumi na utamaduni. Kwa Kibra hilo linaeleweka: matatizo ya mtaa mmoja, mbunge mmoja. Hakuna tena mbunge wa kugawanya muda kati ya mifereji ya Karen na mitaro ya Gatwekera. Lakini kuna kitu kilipotea pia. Zamani mwenye kiti alilazimika kutuhitaji sote wawili, tajiri na maskini, na maskini walikuwa wengi. Baada ya 2013, mbunge wa Lang'ata anaweza kumaliza miaka mitano bila kukanyaga Kibera, ingawa fundi wake, yaya wake na askari wake wa getini wanalala huko.

Hata Raila mpaka huo ulimpitia katikati. Alikuwa anaishi Karen, ambayo ni Lang'ata. Kura yake ilikuwa Old Kibera, ambayo sasa ni Kibra. Kwa zaidi ya miaka kumi, yule mtu aliyekuwa Lang'ata yenyewe alilala eneo bunge moja na kupiga kura katika jingine.

Sasa tazama kilichotokea kwenye kura. Kibra ikawa ya ODM moja kwa moja. Ken Okoth alishinda 2013 na 2017, na alipofariki Julai 2019 akiwa bado kijana, mtaa ulilia kikweli, kwa sababu alikuwa amejenga shule tukaziona. Uchaguzi mdogo wa Novemba 7, 2019, Jubilee ilimleta McDonald Mariga, aliyewahi kuchezea Inter Milan. Jina lake mwanzoni halikuonekana kwenye sajili ya wapiga kura na tume ikakataa karatasi zake, kisha akaruhusiwa. Matokeo: Imran Okoth wa ODM, nduguye Ken, kura 24,636. Mariga 11,230. Eliud Owalo wa ANC 5,275. Magazeti yaliandika kuhusu ushindi. Mimi nilikuwa nimetoka chuo mwaka huo, sina kazi, nikakaa nje ya duka nikitazama zile namba, nikaona kitu kingine. Mariga na Owalo wakiwekwa pamoja wanapita kura 16,000, ndani ya nyumba inayoitwa ngome. Mtaa wetu haukuwahi kuwa na sauti moja. Ni vile tu sauti moja ina kipaza sauti. Mwaka wa 2022 kiti kikaenda kwa Peter Orero, aliyekuwa mwalimu mkuu wa Dagoretti High, ODM tena.

Upande wa Lang'ata, bila Kibera, mambo yakaanza kuyumba. 2013: Joash Olum, ODM. 2017: Nixon Korir, Jubilee. Hebu fikiria hilo. Kiti ambacho Raila alikishika miaka ishirini kikaenda kwa chama cha wapinzani wake, chaguzi mbili tu baada ya yeye kukishinda kwa mara ya mwisho. 2022: Korir akarudi na UDA, akaangushwa na Phelix Odiwuor, yaani Jalang'o wa redio, wa ODM. Na Februari 2023, kabla hata mwaka haujaisha, Jalang'o akaonekana Ikulu na wabunge wengine wa ODM, chama kikamkasirikia. Watu walimtukana sana mtandaoni. Mimi nilimwona kama mtu anayejua hesabu ya eneo lake. Kiti kikiwa kinaweza kwenda upande wowote, mwenye kukikalia hukaa akiangalia pande zote.

Nilikuwa na deni la kuelewa kwa nini, kwa hiyo nilianza kutembea Lang'ata. Nilikuwa napeleka vifurushi kwa pikipiki ya jamaa, kazi ambayo inafundisha ramani kuliko chuo. Nyayo Highrise ni jirani yetu, na siasa yake inafanana na yetu. South C ina familia nyingi za Waislamu, Wasomali na wengine, wenye biashara, ambao hawapigi kura kama Laini Saba wala kama Karen. Nairobi West ni wapangaji wa ghorofa, vijana wa ofisi, wengi wamejiandikisha nyumbani ushago. Mugumo-ini ni nyumba za mpango za miaka ya themanini na tisini, wazee waliostaafu serikalini. Na Karen si farasi peke yake. Kuna Kuwinda, mtaa wa mabati nyuma ya kuta ndefu, wanaoishi wafanyakazi wa hizo kuta. Watu wa Kuwinda huamka mapema siku ya kura. Mwenye ukuta mara nyingi yuko safarini.

Hakuna kundi hata moja pale linaloweza kushinda peke yake. Ndiyo maana Lang'ata ya leo, nikiulizwa, ndiyo inafanana na ile ya Mathai na Leakey, ambapo lazima uongee na kila mtu. Kibra ndiyo ilirithi kura za Raila. Lang'ata ilirithi shida ya kuhesabu.

Na sasa hesabu imefika tena. Katiba inasema mipaka ipitiwe kila baada ya miaka isiyopungua minane na isiyozidi kumi na miwili. Ya mwisho ilikuwa Machi 2012. Machi 2024 ilifika, IEBC haikuwa na kamishna hata mmoja. Wapya waliapishwa Julai 2025. Na Katiba inasema pia kwamba mapitio yasipokamilika miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, mipaka mipya haitumiki katika uchaguzi huo. Kwa hivyo dalili zote ni kwamba Agosti 2027 tutapiga kura ndani ya mistari ya 2012, iliyochorwa kwa watu wa 2009. Mtoto aliyekuwa tumboni mwaka huo, 2027 atakuwa anamaliza shule ya upili.

Sensa ya 2019 ilipata Wakenya 47,564,296. Kwa 290, kipimo kipya ni 164,015, na dari ya Nairobi ni 229,621. Nairobi ina watu 4,397,073. Kwa viti 17, wastani ni zaidi ya 258,000. Tumeshapita dari. Kwa hesabu ileile ya mwanzo, Nairobi inahitaji angalau viti 20. Lakini 290 imeandikwa kwenye Katiba, haiongezwi kwa kusema tu. Vitatu hivyo vitoke wapi? Na yale maeneo 27 yalilindwa katika mapitio ya kwanza peke yake. Hapo ndipo utaelewa kwa nini hakuna mwanasiasa mwenye haraka. Kila mstari utakaosogezwa unamwamsha mtu fulani usingizini.

Na sisi? Kaunti ndogo ya Kibra ilihesabiwa watu 185,777, Lang'ata 197,489. Wakati wa mgawanyo tulikuwa karibu sawa, sasa wametupita, na mji wenyewe unakua upande wa mashariki. Wote wawili tuko chini ya wastani wa Nairobi yenye viti 20. Kwa hiyo siku makamishna watakapokaa na ramani, mmoja wetu anaweza kuongezewa mtaa wa jirani, au mstari ukasogezwa tena nyuma ya nyumba za watu. Watafanya mikutano ya maoni ya umma kwenye kumbi fulani, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Watakaoenda ni wazee wa vyama na vijana waliolipiwa nauli. Ningependa twende pia. Si lazima uwe na digrii, mimi sina. Beba namba zako tu.

Oktoba 2025 Raila alipofariki, mtaa ulijaa barabarani usiku na mchana. Mama hakutoka. Alikaa kitandani akafungua ule mkebe, akatoa kadi, akaifuta kwa kona ya leso ingawa haikuwa na vumbi. Nilimuuliza alimpigia mara ngapi.

"Ubunge au urais?"

"Ubunge."

Akahesabu kwa vidole. Tisini na saba. Mbili na mbili. Mbili na saba. Halafu akanyamaza, kwa sababu baada ya hapo jina lake halikuwa tena kwenye karatasi ya ubunge ya Laini Saba.

Nikamwambia kwamba huenda mipaka itachorwa upya, na huenda siku moja Laini Saba ikarudishwa Lang'ata, au ikapelekwa kwingine kabisa. Alifunga mkebe, akaurudisha juu ya kabati.

"Wakija kuuliza," akasema, "uwaambie hii nyumba iko na watu sita. Sitaki tena kusikia eti tulihesabiwa vibaya."